Hakimu Hatoki Nje

Jumatatu, 3 Machi

Ujumbe mwingine kutoka kliniki ya wanyama. "Mpendwa Hakimu, chanjo yako ya mwaka imefika. Tunakusubiri kwa hamu!"

Mpendwa Hakimu! Hakimu ni paka. Hana simu. Na hao wanaomsubiri kwa hamu, mara ya mwisho aliwaparura mikono mpaka wakaitana.

Lugha hii naijua. Mimi ndiye ninayeiongea! Kutwa nimevaa hedifoni nikiwaambia watu kwamba tunathamini subira yao, na wakishakata simu nawatumia ujumbe kwamba kifurushi chao kinakaribia kwisha, mpendwa mteja. Sasa nami nalishwa chakula nilichokipika mwenyewe. Au tuseme paka wangu ndiye anayelishwa.

Swali langu ni moja na hakuna anayenijibu. Paka anaishi ghorofa ya tatu. Madirisha yana wavu. Ngazi za jengo hili hajui hata zina rangi gani. Huo ugonjwa ataupata wapi — kwenye televisheni?

Halafu wanajifanya wamesahau. Mara ya mwisho alichomwa sindano yao hii hii, na kabla hatujafika nyumbani uso ulikuwa umevimba, macho yamebaki vijistari viwili, anatapika ndani ya kikapu. Baba ndiye aliyekuwa amekipakata. Tukarudi mbio, akachomwa nyingine ya kutuliza uvimbe. Akapona, lakini Baba hakutia kitu mdomoni siku ile. Mama alikuwa bado yupo, akamcheka: mwanamume mzima unasusa chakula kwa ajili ya paka.

Nimeufuta ujumbe.

Jumatano, 5 Machi

Kaka kapiga simu. Kaka anaishi mji mwingine na anatuongoza kutoka huko, kama rubani aliyesahau kupanda ndege.

Amri ya kwanza: daktari wa kifua anamtaka Baba akachanjwe mafua, muda umepita, kwa nini sijampeleka. Amri ya pili: paka ndani ya nyumba ya mgonjwa, achanjwe kila mwaka au atafutiwe pa kwenda. Akamalizia kwamba mimi sina msimamo.

Mimi! Ninayejua inhela ya Baba imebaki na pumzi ngapi kwa kuitikisa tu! Yeye hata rangi yake haijui.

La Baba nikamwambia sawa, Jumamosi nampeleka. La paka ndilo lililonipandisha mori. Nikasimama katikati ya sebule nikapaza sauti: "Hakimu hatoki nje! Asiyetoka anachanjwa ya nini? Ni kumtesa bure! Biashara tu hiyo!" Nikamkatia simu.

Baba alikuwa kwenye kochi lake, Hakimu mapajani. Akatikisa kichwa taratibu. "Umejenga hoja vizuri, mama," akasema.

Nilivimba kichwa jioni nzima.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi. Nina hasira mpaka mwandiko umepinda.

Shati lake nimelipiga pasi. Teksi iko chini. Natoka chumbani namkuta na kandambili. Baba, viatu! Akasema haendi.

Haendi wapi?

"Asiyetoka anachanjwa ya nini? Maneno yako hayo. Jumatano, hapa hapa, mbele ya shahidi." Akamwonyesha Hakimu kwa kidole.

Baba alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuandika yanayosemwa na watu wenye hasira. Hasahau sentensi! Paka mwenyewe alimpa jina hilo kwa sababu ya kile kifua cheupe kwenye manyoya meusi, na kwa sababu akikaa hashtuliwi na mtu.

Nikamwambia Baba, wewe si paka.

"Sijasema mimi ni paka. Nimesema sote wawili hatutoki. Nyumba moja haiwezi kuwa na sheria mbili."

Na hapo kwenye kutoka, kweli hatoki. Tangu tulipomzika Mama hajavuka mlango. Mwanzo tulisema ni majonzi, tumwache. Halafu tukasema ni kifua, ngazi nyingi. Halafu tukaacha kusema.

Nikabembeleza. Nikafoka. Nikamkumbusha alivyolazwa mwaka jana, kabla ya msiba wa Mama, kwa mafua ya kawaida tu, midomo imekuwa ya bluu. Akasikiliza yote kwa adabu, kama anayesikiliza upande wa pili, kisha akawasha redio. Huku chini dereva anapiga honi. Nikashuka kumwomba radhi, na sauti iliyonitoka ni ile ya kazini: samahani sana kwa usumbufu uliojitokeza. Kidogo nimwambie abonyeze moja.

Jumapili, 9 Machi

Hatusemeshani. Hakimu ndiye mjumbe. "Hakimu, mwambie huyo chai iko tayari." "Hakimu, mwambie imekosa sukari."

Amekohoa alasiri yote. Kila akikohoa hasira zinaniisha. Akinyamaza zinarudi.

Jumatano, 12 Machi

Muda wa mapumziko sikula. Nikaenda kliniki ya wanyama nikiwa nimekunja uso tangu kituoni. Nilitaka mojawapo kati ya mawili. Waniambie chanjo si lazima, nimshinde Kaka. Au waniambie ni lazima kila mwaka, niwaite wezi usoni kwao.

Yule daktari, mwanamama mpole mwenye mikono iliyoparurwa kila mahali, hakunipa hata moja! Anasema paka mkubwa wa ndani aliyemaliza chanjo zake za utotoni, hizi za kawaida hazina haja ya kila mwaka. Kila baada ya miaka mitatu kwa wengi inatosha. Ya kichaa cha mbwa ndiyo inayofuata sheria, na hiyo ya Hakimu bado ina muda.

Nikaruka. Sasa ule ujumbe wa kila mwaka?

Akatazama pembeni. Ni kompyuta ya ofisi, akasema, inawatumia wote. Ameshalalamika.

Ameshalalamika! Nami nimeshalalamika kuhusu yetu.

Nikamuuliza, kwa hiyo Hakimu tumwache? Akaangalia rekodi. Ile iliyomvimbisha ilikuwa miaka mitatu iliyopita, mwezi huu huu. Kwa hiyo safari hii ile kompyuta yao ya uongo imesema kweli. Nilitamani kuipiga teke.

Anasema mnyama aliyewahi kuvimba ni wa kuamuliwa kivyake. Atapewa kwanza dawa ya kutuliza uvimbe, halafu sindano moja tu, halafu tusubiri pale pale kliniki, tusikimbilie nyumbani. Nikamuuliza kama atavimba tena. Hawezi kuniahidi. Nikamuuliza kama tusipomchanja atakuwa salama. Hilo nalo hawezi kuniahidi. Basi huyu kasomea nini! Lakini ukweli ni kwamba ni mtu wa kwanza mwezi huu kunijibu bila kujifanya anajua kila kitu, nami nikarudi kazini nimenuna kwa kukosa wa kugombana naye.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemweleza Baba yote. Akahoji kama yuko kazini. Dawa ya kutuliza inachukua muda gani? Nani atakuwapo? Na akivimba?

Nikachoka. Nikasema Baba, tuache mchezo. Paka ni paka. Wewe una kifua. Mafua yakikushika mwaka huu —

Hakuniacha nimalize. Alikuwa anamenya chungwa. Akaendelea kumenya, ganda moja refu halikatiki, kisha akasema bila kunitazama: "Mama yako naye alikwenda kuchomwa sindano tu."



Ni kweli, alikwenda kuchomwa sindano tu. Alitoka kwa miguu yake. Alibeba ule mkoba wa kahawia na akasema tusioshe vyombo, ataviosha akirudi.

Halafu hasira zikanipanda, sijui hata za nani. Nikapayuka: haikuwa sindano, Baba! Ilikuwa moyo! Daktari alieleza, Kaka akaeleza, mimi nimeeleza mara ngapi! Moyo!

"Najua," akasema. "Nimeelewa tangu siku ya kwanza. Kuelewa si shida yangu."

Akanigawia nusu ya chungwa. Tukala. Nilipomaliza akatoa masharti, na nayaandika kama alivyoyatamka: Hakimu kwanza. Yeye mwenyewe awepo. Hakimu akirudi mzima, naye atakwenda.

Awepo, maana yake atatoka nje! Nikasema ndiyo haraka kabla hajabadili mawazo. Nimekaa chumbani sasa ndipo naona nilichokubali. Kama paka atavimba, nimewapoteza wote wawili kwa sindano moja.

Jumatatu, 17 Machi

Kaka amecheka! Amecheka kwenye simu! Eti Baba anatawaliwa na paka, mwambie tu anakwenda, mshike mkono. Nikamwambia njoo umshike wewe. Akasema mwezi huu kazi zimembana. Mwezi huu!

Kazini msimamizi kaniita. Mteja alisema amechoka kusubiri, nami nikamjibu hata mimi nimechoka, mpendwa. Imerekodiwa. Msimamizi anataka kujua nini kinanisumbua. Nikamwambia chanjo ya paka. Akaniambia nipumzike kidogo.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekiteremsha kikapu cha Hakimu kutoka juu ya kabati ili akizoee. Nilidhani nitamfukuza nyumba nzima. Akaingia mwenyewe, akajikunja, akalala. Msaliti! Nilitaka walau mmoja humu ndani awe na hofu kama mimi.

Kisha nikasikia vishindo kwenye korido. Baba kavaa viatu vyake vyeusi vya kazini, anatembea kutoka mlango wa bafu hadi mlango wa mbele, anageuka, anarudi. Nikamuuliza anafanya nini.

"Navizoesha."

Akifika mlango wa mbele anaugusa kwa ncha ya kiatu kabla ya kugeuka. Nikaingia jikoni nikafungulia maji, sikutaka anisikie.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la kliniki, mikono isikae bure.

Alitoka. Kila tulipomaliza ngazi za ghorofa moja alisimama, akavuta inhela, akasema tuendelee. Kikapu hakunipa. Nikimwomba ananiambia nishike mwavuli. Chini barabarani alisimama akafumba macho kwa sababu ya jua, watu wanatupita pande zote, mmoja akampiga kikumbo na hakuomba hata radhi. Nilitaka kumkimbiza huyo mtu. Baba akasema mwache, ana haraka.

Daktari akamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti yake ya mahakamani. Hakimu amepewa dawa ya kutuliza. Tukasubiri. Kisha ile yenyewe. Baba alimshika mabega. Paka hakulia. Baba ndiye aliyesema "ah".

Sasa tunasubiri tena. Kikapu kiko mapajani mwake, kimlango wazi, mkono wake ndani.

Na hapa, kwa sababu hawezi kukaa bila kumhoji mtu, akamuuliza daktari lile swali langu. Paka hatoki. Madirisha yana wavu. Ugonjwa anaupata wapi?

"Kwenye viatu, mzee," daktari akasema. "Kwenye nguo, kwenye mikono. Paka hana haja ya kutoka. Anayetoka ndiye anayemletea."

Baba akageuka. Hakuwa na haraka.

"Anayetoka ni nani?"

Hata mtu mwenye mbwa kwenye benchi la pili akageuka kunitazama.

"Na wewe, mama, umechanjwa lini?"

Nikawaka! Mimi? Nitapata wapi nafasi? Niko kazini kutwa, nikitoka niko sokoni, nikirudi niko jikoni, dawa zako, simu za Kaka —

"Sijauliza nafasi. Nimeuliza lini."

Mtu mwenye mbwa akacheka puani. Nikamkata jicho. Lakini chanjo ya mafua? Sijawahi. Kila jioni natoka kwenye ukumbi ule usio na dirisha, tunabadilishana hedifoni na kukoholeana visogoni, narudi nyumbani na kabla sijavua viatu nainama kumwekea Baba mto vizuri mgongoni. Uso wangu na uso wake. Nikimpumulia. Nami ndiye niliyepaza sauti sebuleni kwamba humu ndani hakuna ugonjwa unaoingia.

Hakimu amejifuta pua kwa mkono.

Paka hujifuta. Si kitu.

Amejifuta tena.

Nimemwita daktari. Amekuja na kurunzi, amemfunua mdomo, amemtazama macho. Anasema ni mapema mno, huenda ni dawa tu, tumwangalie. Ameingia ndani kutayarisha ile ya kumtuliza, iwe karibu. Hakukimbia. Lakini hakutembea pia.

Baba amenishika mkono ninaoandikia. Nikamwambia Baba, samahani, turudi nyumbani, sitakulazimisha tena, hata iweje.

"Akivimba," akasema, "usimwambie kaka yako kwamba nimeghairi. Sijaghairi."

Nikamwambia masharti yalikuwa arudi mzima.

"Niliyaweka mimi, nayafuta mimi. Kliniki yangu iko umbali gani na hapa?"

Si mbali. Nimemwambia si mbali.

"Basi tukimaliza na huyu tunapitia. Mimi na wewe. Wewe utaanza, nikuone."

Amesogeza kikapu kwenye mwanga wa dirisha. Jicho la kushoto la Hakimu naliona dogo kuliko la kulia. Nimefumba yangu, nimefumbua, bado ni dogo. Baba naye ameliona — anakunja mkono wa shati lake, taratibu, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka juu ya kiwiko, na mlango wa daktari unafunguka, naweka kalamu.