Simama Karibu na Meza ya Mjomba

Tarehe 12 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia na kile kikohozi kimekuaga. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, na anasema kaka yake wa pekee ameamua kuwa bubu, maana simu hupokei, na ukipokea unaitikia "eeh, eeh" halafu unakata. Ndiyo maana nimeshika kalamu kama mtu wa zamani.

Habari yenyewe ni hii. Mimi na shoga yangu, yule ninayesuka naye pale saluni, tumenunua tiketi za lile tamasha la muziki wa mashine, kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili. Sisi tumezoea muziki wa harusi na redio ya saluni, huo wa kompyuta tunaujua kwenye simu tu. Nasikia tamasha linaenea mji mzima, kumbi huku na kumbi kule, na mgeni anaweza kutembea siku nzima asione jukwaa hata moja. Wewe ndiye fundi sauti wa humo miaka nenda miaka rudi. Tuelekeze tuvae nini, tuanzie wapi, tusimame wapi. Usitufiche kitu, tusije tukachekwa.

Mpwa wako

*

Tarehe 20 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie mama yako bubu anakula vizuri na analala vizuri. Mgongo bado upo, kikohozi kimehamia kwa jirani. Simu za siku hizi mtu anaongea kama ana uji mdomoni, sina subira nazo. Wewe andika, nitajibu.

Sasa kuhusu tamasha. Hamwendi harusini, kwa hiyo vile viatu vyenu virefu viacheni vilinde nyumba. Vaeni raba zilizokwisha kuzoea miguu. Msitake kuona kila kitu. Wageni hukimbia kutoka ukumbi huu kwenda ule, na mwisho wa siku walichokiona ni migongo ya watu na foleni. Chagueni kumbi mbili zilizo jirani, mkae. Watu wakijaa mtandao hulala, kwa hiyo kubalianeni mapema mahali pa kukutana mkipotezana, na msiseme "mlangoni", kila ukumbi una milango kama shimo la panya. Kunyweni maji kabla ya kiu. Mkiingia popote, tazameni kwanza pa kutokea, ndipo mtazame jukwaa.

Masikio ndiyo jambo kubwa. Pamba haizuii kitu, itawapendezesha tu. Nunueni vizibo vya mpira duka la dawa. Msisimame mbele ya spika hata mkisukumwa. Mahali pazuri kuliko pote ni karibu na meza yangu ya mixa, ile yenye vitufe vya kupandisha na kushusha sauti, katikati ya ukumbi. Fundi huipima sauti kwa masikio yake pale pale alipo, kwa hiyo pale ndipo inakaa sawa. Hapo hata vizibo mnaweza kuvitoa. Alhamisi jioni nitakuwa kwenye kile kiwanda cha zamani cha nguo.

Na hili usilitangaze bado. Onyesho la kufunga, Jumapili, kwenye uwanja mkubwa, wamenipa mimi. Miaka yote wamempa mtu mwingine, mimi nimekuwa mfunga waya. Safari hii vidole ni vyangu. Nimefurahi mpaka naona haya. Njoo umwone mjomba wako.

Mjomba wako

*

Ijumaa, tarehe 9 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Mimi nimeamka, kulala sikulala sana.

Hii nimemwachia mlinzi wa geti. Jana ulizungukwa na watu, na nilichonacho si cha kusemwa mbele za watu.

Tulifanya kama ulivyotuambia. Tulisimama kando ya meza yako, nyuma ya kile kizuizi cha bomba, tukatoa vizibo. Besi ilikuwa nzuri, tumbo lilinicheza. Lakini zile sauti nyembamba za juu, zile za matoazi na filimbi za mashine, zilikuwa zinachoma. Nilidhani ni ugeni wangu. Nikatazama watu. Aliye mbele yangu kaziba sikio kwa kiganja huku anacheza. Wengine walikuwa wanasogea ukutani. Nikakutazama wewe, na wewe ulikuwa umekunja uso kama mtu anayetafuta kitu, ukasukuma kitufe juu. Ikachoma zaidi. Ukasukuma tena.

Shoga yangu tangu jana sikio la kushoto linalia kama jiko la gesi, na ukimsemesha upande huo hageuki. Asubuhi hii tunakwenda hospitali.

Mjomba, nakuuliza kwa adabu zote. Zile sauti za juu unazisikia?

Mpwa wako

*

Ijumaa jioni

Mpwa wangu,

Salamu zimefika. Mpe pole rafiki yako.

Lakini wewe umeingia mjini juzi na mkoba wa nywele za bandia, leo unanifundisha sauti? Nimeshika mixa wewe hujaota meno. Ukumbi ule una kuta za bati, sauti hurudi, kila fundi anajua. Na muziki wa mashine ndivyo ulivyo, si wa kubembelezea mtoto. Kama umewashinda, kuna bustani hapo nyuma, kaeni mnywe soda.

Nani amekutuma? Mama yako? Au yule kijana msaidizi wangu, anayeitamani nafasi yangu ya Jumapili? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami sikujua kuwa nguo yenyewe ni mtoto wa dada yangu.

Ukiniona kesho kazini, usinisogelee.

Mjomba wako

*

Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Sijatumwa na mtu. Umenikataza nisikusogelee, sikukusogelea. Nilisimama nyuma yako mchana wa leo mlipokuwa mnajaribu spika pale uwanjani, na umbali wetu haukuzidi meza ya kulia chakula. Hukujua.

Ghafla ile mikrofoni ya jukwaani ikapiga mluzi. Unaijua hiyo sauti, wewe ndiye uliyenieleza zamani kuwa fundi akiisikia hukimbia kama nyumba inaungua. Wapaka rangi waliangusha brashi. Mama wa chai aliinama na birika. Wote wamekamata masikio, na wewe ulikuwa unakunja waya, taratibu, unatabasamu peke yako. Mpaka yule kijana msaidizi wako alipokuja mbio akakupita akashusha kitufe, ndipo ukamfokea kwa nini anagusa meza yako.

Mjomba, nililia pale pale. Nilikuwa nimekuja na hasira yote ya barua yako, ikaniishia.

Daktari amesema sikio la shoga yangu limeumizwa na kelele. Linaweza kurudi, linaweza lisirudi, tusubiri. Yeye alisimama pale kwa sababu mimi nilimwambia mjomba wangu kasema ni salama. Alhamisi tulikuwa ukumbi mmoja. Kesho ni uwanja mzima, spika zimepangwa ghorofa kwa ghorofa, na watu watabeba hata wadogo zao mabegani. Utatafuta zile sauti, hutazipata, utasukuma juu. Hufanyi kwa ubaya. Unawapa watu kile unachokikosa wewe.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii wa kuumia si mgonjwa peke yake. Nenda kwa msimamizi wa tamasha mwenyewe, umwambie kwa kinywa chako. Heshima yako itabaki. Usipokwenda, kesho saa nane mchana nitakwenda mimi. Nisingependa. Wewe ndiye uliyenibeba siku ya kwanza ya shule, na hakuna mtu ninayeogopa kumpoteza kama wewe.

Mpwa wako anayekupenda

*

Jumapili, tarehe 11 Agosti

Mjomba,

Nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya msimamizi. Shikamoo yangu naileta hapa hapa.

Mlinzi anasema barua ya jana uliipokea, ukaisoma umesimama, ukaitia mfukoni. Nimekungoja. Kila mlango ukifunguka nadhani ni wewe. Mwenye funguo za ofisi ananitazama kwa huruma, anafikiri natafuta kazi.

Saa nane imepita. Sasa naingia.

Mpwa wako

*

Tarehe 2 Septemba

Mpwa wangu,

Sijambo kwa kiasi changu. Natumaini saluni imefunguliwa na mama yako ameacha kuninunia. Kwanza niambie sikio la rafiki yako. Kama halijarudi, nitakuja kwake mwenyewe, simtumi mtu.

Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nikianza, neno la kwanza linakuwa tusi. Ulinichongea. Nimelisema hilo kwa ukuta, kwa sufuria, kwa kila kilichokubali kunisikiliza. Msimamizi aliniita mbele ya meza yangu, akaniwekea sauti moja moja za kupimia, akaniambia niinue mkono nikisikia. Mkono wangu ulikaa mapajani. Nilidhani hajaanza. Ndipo nikawaona mafundi wenzangu wanatazama chini, kila mmoja anatafuta kitu kwenye viatu vyake. Aibu ile sitamwombea hata adui.

Nilikuwa na saa nzima kabla ya hapo ya kwenda mwenyewe. Nilikaa chooni na barua yako mfukoni. Nilitaka Jumapili moja tu, halafu ningeacha. Ndivyo nilivyojidanganya. Sijakusamehe yote, nakwambia kweli, lakini sehemu kubwa imekwisha, na iliyobaki ni ya uzee.

Daktari wa masikio amesema za juu zimekwenda na hazirudi, za chini tuzitunze. Watanipa kifaa. Tamasha wamenipa kazi ya kupanga spika na kufundisha vijana kuzifunga. Nimekubali.

Sasa jambo lililonifanya nichukue karatasi. Baada ya kunivua kile kitambulisho cha fundi, sikwenda nyumbani. Niliingia uwanjani kama mtu yeyote. Niseme ukweli, niliingia ili nimwone kijana yule, waliyempa nafasi yangu, akiharibu. Sikuwahi kusimama katikati ya watu, mimi huwa nyuma ya meza. Besi ilinipanda kutoka miguuni, ile ninayo bado. Nilitazama masikio ya watu, nikitafuta atakayeyaziba. Hakuna aliyeyaziba.

Kisha katikati ya wimbo wa mwisho, besi ikakatika. Kwangu mimi palikuwa kimya kabisa. Nikasema moyoni, haya, kaharibu. Lakini watu hawakuzomea. Waliinua nyuso juu, uwanja mzima, wengine wamefumba macho, mzee mmoja kando yangu machozi yanamtoka na anatabasamu. Ikaendelea muda mrefu hivyo, na mimi nasikia pumzi yangu tu. Nilikuona na wewe upande wa pili, umeinua uso kama wengine.

Kuna kitu kilikuwa kinapigwa pale. Nimeona haya kumuuliza kijana, na mafundi wengine wataniambia namba za vipimo tu. Wewe ulikuwepo na masikio yako ni mazima. Kaa chini siku saluni haina wateja, uniandikie ilikuwaje.

Mjomba wako