Kidole cha Mzee Yusufu

Busia, Jumamosi, 14 Agosti 1976

Mimi nilikwenda kusalimu tu. Mzee Yusufu, mwenye duka la vitambaa anayenilipia karo ya udaktari, akavua kiatu mbele ya wateja. "Haya daktari, tazama."

Niliona aibu. "Mzee, mpaka sasa tumesomea maiti tu."

"Basi anza na mimi niliye hai."

Kidoleni kuna kidonda cha miezi miwili, na hakimuumi. Hapo nikaogopa. Nikamnong'oneza, "Usiku unaamka sana kukojoa?"

Alinikodolea macho. "Nani amekuambia?"

"Ni vile vitabu ulivyoninunulia."

Alicheka mpaka akashika meza. Jumatatu nampeleka hospitali wapime sukari. Nina hofu na ule mguu, lakini amekubali kwenda, yeye anayekimbia hata sindano.