Kijiko Mbele ya Mkaguzi

Jumatatu, 3 Februari 1958
Chupa arobaini kabla ya saa nne. Kila moja nimeibandika ukanda wa karatasi wenye pembe nilizokata kwa mkasi, pembe moja dozi moja, asiyejua kusoma ahesabu kwa kidole. Nani Thika nzima anakata kama mimi? Burma, jeshini, hata daktari Mzungu alikuwa ananiita nimkatie.
Cucu mmoja, bibi kizee wa Kiganjo, alikataa dawa ya kikohozi. "Kunywa wewe kwanza, mwanangu." Nikanywa kijiko. Akacheka, akachukua. Watu wana woga siku hizi, dawa isiyoonjwa hawaigusi. Bwana Ramji mwenye duka la dawa akafoka: "Siku moja wewe takufa, mimi tafuta mtu ingine!" Atampata wapi?

Ijumaa, 7 Februari
Miaka miwili ya mazoezi ya utoaji dawa imetimia. Bwana Ramji, ambaye amesajiliwa kama mtoa dawa, ametia sahihi kila ukurasa wa daftari langu. Shule niliachia darasa la nne, cheti cha jeshi kikaziba pengo. Umebaki mtihani wa mikono. Mkaguzi wa serikali anakuja Jumatano.
Nikipita, jina langu linaingia kwenye orodha ya serikali. Hapo zahanati ya shamba la kahawa kule Ruiru ni yangu, na nyumba ya vyumba viwili. Mke wangu Wambui atoke kwenye kambi ya wachumaji. Miaka miwili namwona Jumapili moja kwa mwezi, pasi ya kusafiria mfukoni. Hiki chumba cha nyuma ya duka kinatosha mtu mmoja, tena akikunja miguu.
Nimemtumia habari kuwa nimeshapita. Kwani nitashindwa?

Jumatano, 12 Februari
Nimeanguka.
Mizani sawa. Vipimo sawa. Sumu zote nilizitaja, na kabati la kuzifungia. Mkaguzi alikuwa ameanza kutabasamu. Akasema, sasa nipe dawa kama mgonjwa. Dawa ya moyo. Mkono wangu, huu mjinga, ukamimina kijiko. Nikanywa mbele yake. Nikalamba na midomo.
Kalamu yake ikasimama.
Nikajaribu mzaha. Akasema dawa ya mgonjwa haionjwi, tena ya moyo. Miezi kumi na miwili mingine ya mazoezi, ndipo nirudi kwake.
Bwana Ramji hakunitukana. Aliniletea chai. Hiyo ndiyo iliniuma.

Jumapili, 16 Februari
Ruiru. Wambui alikuwa amefunga vyombo vyote kwenye gunia. Wanawake wa kambi wamekuja kumuaga, mmoja ameleta kuku. Nikasema mbele yao: nilidanganya, sijapita.
Wambui hakulia. Alifungua gunia, akatoa sufuria moja moja. Akampika yule kuku, wakala wote. Sufuria ndogo ya kunipa hakuwa nayo. Jioni akanipa ile kubwa nirudi nayo. "Mwaka ni mrefu, mzee. Ujipikie, usiishi kwa mkate."

Jumatatu, 17 Februari
Chupa thelathini na moja. Mvua kidogo.
Nimepika ugali kwenye sufuria ya Wambui. Nimepakua, nikatazama. Nilisonga wa watu wawili.