Breki za Mafuta ya Nyonyo

Ifakara, Jumamosi, mwezi wa tano, 1956

Mvua imekatika tangu juzi na leo jua limetuchoma kweli kweli.

Leo nusura niue watu.

Nimeliandika hilo kwanza kwa sababu najijua. Nikianza na maelezo, nitajisafisha.

Gari ni la Bwana Stavro, Mgiriki mwenye kinu cha kukoboa mpunga, aliyeniajiri kuwa fundi wake. Ni gari la mbio la kabla ya vita, jekundu, viti viwili tu, na liko chini kiasi kwamba ukikaa unaona magoti ya wenye baiskeli. Alipokwenda kwao kutibiwa mgongo aliniachia amri moja: kila Jumamosi niliwashe, nilipeleke Kiberege na kulirudisha, maana gari la namna ile likikaa tu linakufa. Nami nikaliendesha, miezi saba. Nilisafisha plagi, nilifukuza panya waliotaka kuzaa ndani ya viti, nilipaka grisi kila palipohitaji grisi. Watu wa Kiberege wakisikia mlio wake walijua leo Jumamosi. Nilivimba kichwa, sikatai.

Mwezi wa tatu mpira wa breki ulipasuka, mafuta yake yakamwagika yote. Mpira mwingine niliupata kwenye lori bovu, ila mafuta ya breki sikuyapata. Njia ya Morogoro ilikuwa imekatika kwa mvua, na mafuta ya injini huwezi kuyatia mle, yanavimbisha mipira. Ndipo nikamkumbuka dereva mmoja aliyekuwa vitani Burma, aliyetuambia kwamba huko walichanganya mafuta ya nyonyo na pombe kali. Nyonyo, yale mafuta ya mbarika, mama mkwe wangu anakamua mwenyewe, ya kupaka watoto. Pombe kali hapa kwetu ni gongo, na askari wakikukuta na gongo unalala ndani. Nilinunua chupa moja kwa kificho, nikachanganya mlango ukiwa umefungwa.

Breki zikashika. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Ila gari likipata moto sana, kanyagio la breki linazama hadi chini, kama unakanyaga tope. Ukikanyaga tena haraka, mara ya pili, linashika. Niligundua hilo Jumamosi iliyofuata, mguu ukazoea, hata nikasahau kwamba ni kasoro.

Hapana, muongo mimi. Sikusahau.

Bwana Stavro amerudi Alhamisi. Jana kutwa nzima nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Nilimbebea masanduku, nikamjibu habari za kinu na za mvua, lakini la breki sikulitaja. Niliogopea kazi yangu, na ile gongo nayo ikanitia hofu. Nikajifariji kwamba atapumzika kwanza, na Jumatatu lori litaleta mafuta ya breki.

Kumbe leo asubuhi huyo, amekuja na kofia yake, ananiambia nikae kiti cha pembeni. Twende Kiberege, halafu tushuke mtoni tumsalimu rafiki yake ng'ambo.

Nilikuwa sijawahi kukaa kiti kile. Njia nzima nilikuwa naangalia kiatu chake. Kwenda Kiberege breki zilishika, kurudi zilishika. Akanipiga begani, akasema hata mafundi wa Dar es Salaam wasingelitunza hivi, na ile sifa ikanifunga mdomo kabisa. Jua lilikuwa limepanda, injini inanuka moto, nami namwomba Mungu kimoyomoyo badala ya kutamka maneno manne tu: kanyaga mara mbili, Bwana.

Tukafika mteremko wa pantoni. Njia pale inashuka moja kwa moja hadi kwenye mbao za kupandia, na leo wanawake wauza samaki walikuwa wamekaa njiani na matenga yao, wakisubiri kuvuka. Bwana akakanyaga breki. Kanyagio likazama.

"Kanyaga tena! Tena!" nilipiga kelele, huku navuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili.

Gari lilisimama juu ya tenga la kambale. Mwenye tenga, mama mtu mzima, alikuwa ameruka kando, khanga yake imebaki chini ya tairi. Aliniangalia mimi, si Bwana, kisha akainama kuokota samaki waliosalia.

Bwana Stavro akazima injini. Akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Umejuaje kwamba nikanyage tena?"

Nikamweleza yote, mpira wa lori, nyonyo, gongo. Nikamwambia nilidhani zitahimili mpaka Jumatatu. Alishuka akamsaidia yule mama kuokota, akaweka mawe kwenye magurudumu, tukarudi mjini kwa miguu, yeye mbele na mgongo wake mbovu, mimi nyuma. Mlangoni pa kinu akasema Jumatatu niende ofisini, basi.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu, Apolonia, aliyekuwa anapepeta mchele. Nilitegemea anigombeze kwa gongo. Aliuliza jambo jingine kabisa. Zamani nilikuwa nampakia Jumamosi aende kumwona dada yake Kiberege. Tangu Kwaresima kila akiomba namjibu kwamba Bwana ameandika barua, amekataza abiria.

"Iliandikwa kweli hiyo barua?"

"Hapana."

Alinitazama, kisha akaendelea kupepeta. Heri angenitukana.

Kwa hiyo lile nililomwambia Bwana pale pantoni, kwamba nilidhani breki zitahimili, ni uongo. Nilijua. Nilijua kiasi cha kumnyima mke wangu kiti kile wiki zote hizi, na leo asubuhi nikamfungulia Bwana mlango aingie.

Kesho baada ya misa nitashuka pantoni kumtafuta yule mama wa kambale, nimwombe radhi. Yeye wa kwanza. Jumatatu ni zamu ya Bwana. Ujinga anaweza kunisamehe, labda hata gongo.

Nitamwambia habari ya Apolonia, au nitamwacha aamini kwamba fundi wake ni mjinga tu?