Mama Mkwe Anasema Maji Yametulia

Chumba cha Malango, Bwawani
Alhamisi, adhuhuri

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, wapwa zangu wawili na mama. Mimi huku ni mzima, usingizi tu ndio umenipungua. Goti la mama linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua, bado anailalamikia harufu na kumsingizia mpwa wangu mdogo kwamba ndiye aliyeimwaga? Na cherehani yako, ile pedali iliyokuwa inakwama umeshaitengenezesha? Nakuuliza haya kwa sababu nataka kuyajua kweli.

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu ambaye juzijuzi tu ulikuwa unaongea naye kwa simu. Simu yangu sinayo, na namba yako siijui kwa kichwa. Siku hizi nani anajua namba ya mtu kwa kichwa? Nitakueleza zilikokwenda simu zetu. Nakuomba tu ukae chini, usome hadi mwisho kabla hujashika kazi nyingine yoyote. Ningeweza kuanza na lile la mwisho, lakini ungedhani nimechanganyikiwa, na shemeji angecheka. Mkiyasikia kwa mpangilio yalivyotokea, mtaniamini.

Kazi yangu unaijua: kufungua na kufunga malango ya bwawa. Ndiyo maana shemeji huniita Bawabu. Kitu ambacho sijawahi kuwaambia ni kwamba mimi sifungui chochote. Malango yanaendeshwa na kompyuta moja iliyofungwa chumbani kwetu kabla sijaajiriwa. Kioo chake kina mgongo mnene kama televisheni ile ya marehemu baba, na vitufe vyake vimegeuka manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Sisi tunaiita Mama Mkwe. Huwezi kumjibu, huwezi kumharakisha, na ukipita karibu yake unajikuta umepunguza sauti. Feni nzuri kuliko zote kituoni inampulizia yeye, sisi tunajipepea kwa magazeti. Juu yake imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nzito: USIZIME.

Si kwamba hatukuomba nyingine. Kampuni iliyotengeneza programu ya malango ilikwisha kufungwa, na programu yenyewe haikubali kukaa kwenye kompyuta yenye mfumo wa kisasa. Mwaka juzi tuliletewa moja, nyembamba, nzuri ya kutazama. Ikawashwa, ikatafuta, ikaandika kwamba hapa hakuna malango yoyote. Fundi wetu wa umeme, ambaye tumempa jina la Profesa kwa sababu ya miwani na ubishi, akaiambia itoke nje ikaangalie. Basi ikapelekwa kwa mhasibu, nasi tukabaki na mkwe wetu. Neno la siri la kumwashia alikuwa nalo fundi aliyemfunga, na huyo alifariki bila kumwachia mtu. Ndiyo sababu ya ile karatasi.

Sasa sikia lililotuponza. Mama Mkwe ana mazoea ya kuuliza. Betri ya saa yake ilikufa zamani, hivyo kila baada ya muda anatoa kidirisha kwenye kioo, anataka ukubali kwamba tarehe yake si sahihi. Usipobonyeza, anagoma kufanya kazi mpaka ubonyeze. Ukienda chooni, unarudi unamkuta amenuna. Siku moja mtu wa zamu akachukua kufuli la ghala, akaliweka juu ya kitufe cha kukubali, likakaa pale kwa uzito wake. Kila akiuliza, kufuli linamjibu ndiyo. Tulicheka sana. Tukaliita Mkwe Mtiifu, maana ndiye pekee asiyechoka kumwitikia. Aliyeliweka hatujui, wala hakuna anayetafutwa, kwa kuwa likianguka kila mmoja wetu alikuwa analirudisha.

Huko kwenu najua jua linawaka na mnalalamikia vumbi. Milimani mvua haijakatika tangu mwanzo wa mwezi, na mto unaoingia bwawani una rangi ya matofali. Lakini Mama Mkwe alikuwa anaonyesha kwamba maji yako chini kabisa ya alama ya tahadhari. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa yake hivyo hivyo. Tulifurahi. Tulisema bwawa letu lina tumbo.

Nina tabia ya kumwaga masalia ya chai juu ya ukingo wa ukuta, upande wa maji. Ukimwaga pale husikii kitu. Maji huwa mbali mno, upepo unaichukua chai kabla haijafika. Jumanne asubuhi nilimwaga, nikasikia chwaa. Nikasimama na kikombe mkononi. Kisha nikainama kutazama. Ile ngazi ya chuma ambayo mafundi wa rangi hupandia ilikuwa imezama, vimebaki vidato vya juu tu.

Nilimwita Profesa. Akatazama nje, akaingia ndani, akaondoa kufuli. Kidirisha kilichotokea hakikuwa cha tarehe. Kilisema kwamba kipimo cha maji kilichoko ukutani hakipatikani, na kikauliza kama kiendelee kuonyesha namba ya mwisho iliyopokelewa. Kilianza kuuliza lini, hatujui. Kufuli lilikuwa linakubali.

Mkuu wa kituo alipiga simu makao makuu. Wakamwambia kwamba kwenye skrini zao maji yametulia. Akawaeleza kwamba skrini zao zinalishwa na huyu huyu Mama Mkwe. Mmoja wao akamuuliza kama ana hakika anatazama upande unaotakiwa wa ukuta. Mkuu wetu ni mtu mpole; aliweka simu chini taratibu, akaomba maji ya kunywa. Baadaye mlinzi alipiga picha bwawa kwa simu yake, na kabla hajaituma kwa mtu ikaja amri kwamba simu zote zikusanywe, ili taharuki isienee. Mkuu alizitia kwenye mfuko, akaondoka nazo jana kwenda kujieleza. Hajarudi. Simu ya mezani inafika makao makuu tu, na wanaoipokea wanasema tusubiri kamati ya Jumatatu.

Jana hiyo hiyo, kwa kuwa Mama Mkwe alikuwa hakubali kufungua malango akiona maji yako chini, Profesa alimzima na kumwasha upya ili akitafute kipimo, akisema hakuna tena cha kuogopa. Akaamka, akadai neno la siri. Tulijaribu jina la marehemu fundi, la mkewe, hata la bwawa lenyewe. Profesa akajaribu tusi moja ambalo sitaliandika hapa. Sasa kioo ni cheusi, kina kistari kimoja kinachopepesa, na malango hayasikii la mtu. Utasema kuna king'ora cha hatari, kile mnachokisikia kikijaribiwa. Nacho kinapigwa na yeye.

Leo alfajiri tulishuka chini ya ukuta, upande wenu. Kuna mahali panatoa maji ambapo hapajawahi kutoa. Profesa alikinga kiganja, akayatazama kwenye mwanga. Akaniambia maji haya yanatoka na udongo wa ndani ya ukuta. Halafu akafuta miwani, akasema ukuta unaliwa kwa ndani. Nimefanya kazi na mtu huyu tangu nywele zetu zote wawili zikiwa nyeusi, na sijawahi kumsikia akisema jambo bila kutaka abishiwe.

Mdogo wangu, hapa ndipo nilipokuwa nakupeleka. Ukuta ukienda, unakwenda na mji mzima, hospitali na ofisi na soko, na hakuna atakayeambiwa. Malango yakifunguliwa kwa nguvu zote, ukuta utapumua, lakini maji yatafuata mkondo wa zamani wa mto. Mkondo wa zamani ndipo palipogawiwa viwanja baada ya bwawa kujengwa. Ndipo ulipojenga. Kama tungejua mapema, tungeyaachia kidogo kidogo, nanyi mngeona kijito tu nyuma ya jiko, watoto wakacheza. Wakati wa kidogo kidogo umepita.

Kila lango lina gurudumu la chuma la kulifungua kwa mkono, ambalo halijazungushwa tangu lifungwe. Tumelipaka grisi, linakubali. Profesa ana bega bovu, na mlinzi anakaa getini kuangalia nani anakuja. Atakayezungusha ni mimi. Amri ya maandishi sina, na niliowaomba ruhusa wanangoja kamati. Nimeshakata shauri. Maji yatakapoingia nyumbani kwako, mkono ulioyaachia utakuwa wangu, na sitaki uje uambiwe hivyo na mtu mwingine.

Kuna lingine, na hili hata shemeji usimwambie mpaka yapite. Profesa alitaka tufungue leo, saa hii hii ninayokuandikia. Nilimwomba usiku mmoja. Tulibishana mpaka mlinzi akaja kutuamua. Niliwataja mama na goti lake, nikawataja wapwa zangu kwa majina, mwishowe akasema ukuta unaweza kutupa usiku mmoja, na unaweza usitupe. Basi tutafungua kesho asubuhi, mwanga ukishatosha watu kuona wanapokanyaga. Usiku huu nimewachukulia watu wa mji mzima bila kuwauliza, ili nyinyi mlio mkondoni mpate kutoka. Nililala katika mji huo miaka yote kabla ya kazi hii, najua nilichofanya. Usiupoteze.

Anayekuletea barua hii ni dereva wa gari la dizeli. Simu yake nayo ilichukuliwa na mkuu pamoja na zetu. Amebeba barua nyingine ya Profesa, ya kwenda ofisi ya mji. Hiyo najua itapokelewa vizuri, itagongwa mhuri, itawekwa juu ya meza. Kwa hiyo ninayoitegemea ni hii yako.

Ondokeni leo, kabla giza halijaingia. Piteni upande wa shule, kule juu, msiende kabisa upande wa daraja. Mama atasema goti, abebwe. Atataka kabati la baba, na atakuuliza nani amesema libaki. Mwambie ni mimi, nitakuja kugombezwa mwenyewe. Shemeji akianza mizaha yake, mwambie Bawabu leo hatanii. Cherehani ibebeni kama utabaki mkono mtupu, na kama hautabaki, iacheni.

Sina zaidi, dereva anapiga honi. Mwambie mama nampenda, na kwamba nimekula. Nisalimie na majirani. Najua zamani, kabla ya simu, kila barua nilikuwa namalizia hivyo, na najua hukuwahi kuwafikishia. Leo wafikishie. Anza na fundi viatu, kwa kuwa hasikii vizuri na atakuchelewesha. Kisha nenda kwa mama wa mkaa, kisha kwa wale wa nyumba ndefu ambao hamsemeshani nao kwa ajili ya ule uzio. Usiruke mlango hata mmoja ulio chini ya barabara. Wakiuliza salamu zimetoka kwa nani, taja jina langu na kazi yangu, wasidhani ni maneno ya mtaani. Asiyefungua, endelea kumgongea.

Ni mimi kaka yako,
Bawabu