Eksirei ya Banda la Kuku

Jumatatu, 3 Machi
Kuku wamelishwa. Madaftari ya Darasa la Tano yamebaki nusu kusahihishwa. Kikohozi kilekile. Leo darasani kimekuja na damu, kama kijiko kizima. Nimekunja leso haraka, nikaendelea na desimali. Shujaa wa uongo.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu ameiona leso kwenye nguo chafu. Mume mwenye akili angeifua mwenyewe.
"Baba Neema, mimi wa kunificha damu?"


Alhamisi, 6 Machi
Toka kijijini kwetu Chole hadi hospitali, Kibaha. Makohozi hayana TB. Eksirei ina doa la mviringo, pafu la kulia, juu. Daktari ni binti wa rika la Neema. Ameniamkia shikamoo kwanza, ndipo akanitisha. Huenda ni uvimbe. Anataka eksirei ya zamani, ya nilipougua TB. Nikasema ipo nyumbani. Sikusema ipo wapi.
Saratani. Nilisema sitaliandika neno hili.

Ijumaa, 7 Machi
Eksirei ya zamani imeziba dirisha la banda la kuku. Niliigongomea mwenyewe, misumari minne, nikajisifu ubunifu. Mama Neema ameiosha mavi taratibu, kama anaogesha kichanga. Hakunitania. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Huyu hucheka hata msibani.

Jumatatu, 10 Machi
Daktari ameiinua kwenye mwanga. Matundu manne ya misumari, na la tano ndani ya pafu. Hilo TB iliniachia. Wakati ule lilikuwa tupu. Sasa lina kitu.
Kisha kipimo cha CT scan. Chali, kisha kifudifudi. "Mwalimu, usipumue." Hata wangeniruhusu nisingeweza.

Jumanne, 11 Machi
Kile kitu kimeviringika! Nilipogeuka, nacho kikaangukia upande wa pili. Uvimbe wa saratani kwa kawaida hushika ukuta, hautembei. Daktari anaona ni donge la fangasi, limeota kwenye tundu la zamani. Kipimo cha damu kitathibitisha.
"Kumbe mume wangu shamba la uyoga," akasema Mama Neema. Akacheka, akalia palepale.
Damu ikija nyingi, nikimbie hospitali, nisisubiri. Huenda nikapasuliwa.

Jumamosi, 15 Machi
Kipimo kimethibitisha: fangasi. Jumatatu nitaonana na daktari wa upasuaji.
Dirisha la banda nimeliziba kwa ubao. Eksirei iko kabatini, pamoja na cheti cha ndoa.
Mchana nimelala ubavu wa kulia, kisha wa kushoto, nikasikiliza kama donge litaviringika. Kimya.
Leso ya leo haina damu. Nimeifua mwenyewe hata hivyo.