Kikao cha Dharura Kuhusu Ghorofa ya Kumi Kuwa Chini ya Ghorofa ya Pili

KAMATI YA MTANDAO WA WAKAZI, JENGO D7, GALAȚI
Alhamisi, 14 Novemba 2019, chumba cha kufulia nguo

Waliohudhuria: Bw. Haralambie Tudose (Mwenyekiti, ghorofa ya kumi), Bi. Smaranda Pârvu (Katibu), Bw. Sorin Cazacu (fundi wa seva), Bi. Aglaia Munteanu (mjumbe, anakaa chini kabisa).
Hakuhudhuria: Bw. Nelu Grosu. Alitoa udhuru wa homa, ingawa alisikika akikaanga vitunguu huku akiimba.

KUMB. NA. 1/19: MALALAMIKO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa ukali, akaeleza kwamba tangu Jumatatu intaneti ya kwake inatambaa. "Seva iko juu ya kichwa changu! Hata ikipiga chafya naisikia!"

KUMB. NA. 2/19: CHANZO
Katibu alikumbusha kwamba kikao kilichopita, kwa hoja ya Mwenyekiti mwenyewe, kiliagiza sharti liandikwe kwenye skripti, yaani maagizo, ya seva inayogawa intaneti ya jengo: ghorofa ikiwa chini ya 2, ipunguziwe kasi. Sababu ilikuwa kwamba watu wa chini hawachangii lifti, nayo seva inakaa kwenye chumba cha mashine ya lifti. Bi. Aglaia alipinga, maana mjukuu wake aliyezaliwa ng'ambo, Torino, humwona kwenye simu tu. Alijibiwa kwamba sauti inatosha.

Fundi alieleza kwamba seva ililinganisha namba kama kamusi inavyopanga maneno, kwa alama ya kwanza. 1 hutangulia 2, hivyo 10 ikahesabiwa kuwa chini ya 2.

Mwenyekiti: "Yaani lifti ikifa napanda ngazi zote zile, halafu unaniambia nakaa chini?"
Fundi: "Si mimi, mzee. Seva ndiyo inasema."
Bi. Aglaia: "Karibu chini, jirani. Kuna unyevu, lakini utazoea."

Bi. Aglaia aliombwa afute kauli. Hakufuta.

KUMB. NA. 3/19: UAMUZI
Mwenyekiti alitaka 10 isomwe kama namba na sharti libaki. Fundi alikiri kwamba ni kazi ndogo, ila akasema sharti hilo lilimkera tangu siku aliyoliandika na hataligusa isipokuwa kwa kulifuta. Aliitwa mkaidi, akakubali. Kura zilipigwa: watatu walitaka lifutwe, mmoja alipinga. Katibu alifurahi na haoni haya kuandika hivyo. Sharti lilifutwa hapo hapo.

KUMB. NA. 4/19: MENGINEYO
Hayakujadiliwa. Simu ya Bi. Aglaia iliita kutoka Torino, na mtoto akaonekana mzima mzima, akipiga miayo. Bi. Aglaia alilia. Mwenyekiti aliacha kiti chake, akasimama nyuma yake. "Sogeza kidogo, mama, na sisi tumwone."

Kikao hakikufungwa. Kiliisha saa 1:20 jioni, mtoto aliposinzia.

H. Tudose, Mwenyekiti
S. Pârvu, Katibu